Sauti Imefika, Mdomo Bado: Kwa Nini Skrini ya Mdahalo Ilituangusha

Jioni ya mdahalo wa wagombea urais wa serikali ya wanafunzi mwaka jana, mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya laptopu. Ukumbi ulijaa mapema, na waliochelewa kwa sababu ya vipindi vya jioni wakabaki uwanjani. Kwa ajili yao klabu yetu ya picha na sauti ilikodi skrini kubwa ya LED, ikaifunga nje, ikaweka na spika mbili. Kamera ndani, skrini nje, mimi katikati. Nilijiona fundi mitambo kamili.

Kesho yake dada mmoja wa mwaka wa pili alinisimamisha nje ya maktaba. Huwa anavaa kifaa cha usikivu sikio moja, na sehemu kubwa ya anachosikia hukikamilisha kwa kusoma midomo. Akaniambia, "Kaka, mimi jana niliondoka baada ya dakika kumi. Sauti inanipa neno moja, mdomo wa mgombea unanipa neno jingine. Kichwa kiliniuma. Nimepiga kura kwa kuangalia bango tu."

Nilitaka kumwambia kwamba mtandao ulikuwa mbovu, maana hicho ndicho kisingizio cha kila mtu siku hizi. Lakini mtandao haukuhusika kabisa. Picha ilitoka kwenye kamera hadi kwenye skrini kwa waya mtupu. Kwa hiyo nikaanza kutafuta picha ilikuwa inakawia wapi, na nilichokipata kilinihusu mimi mwenyewe. Naandika makala hii kwa sababu uchaguzi unakuja tena, mahafali yanakuja, na kila mara kuna mtu fulani atakaa nyuma ya laptopu kama nilivyokaa mimi.

Kazi mbili, mashine moja

Ile laptopu iliyokaa kati ya kamera na skrini ndiyo mafundi wa matamasha huiita seva ya picha. Wenye fedha hutumia mashine maalumu za kampuni kama disguise, au programu kama Watchout na Resolume. Sisi tulikuwa na laptopu ya mwenzetu mmoja wa uhandisi. Kazi ni ileile: seva hucheza video zilizohifadhiwa, hupokea picha ya moja kwa moja kutoka kwenye kamera, huzichanganya, huweka jina la msemaji chini, kisha hutoa picha moja kwenda kwenye skrini.

Ukiitazama juu juu, hizo zote ni video. Lakini kucheza video iliyohifadhiwa na kunasa picha ya moja kwa moja ni kazi mbili zenye tabia zinazogombana. Video iliyohifadhiwa haijali kuchelewa. Ukibonyeza na ikaanza robo sekunde baadaye, hakuna atakayejua. Inachohitaji ni kwenda bila kukwama. Picha ya kamera ni kinyume chake: ikikwama fremu moja, watu wengi hawataona, lakini ikichelewa robo sekunde nyuma ya sauti, kila mtu atahisi kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Hapo ndipo nilipokosea. Ili nikuoneshe nilivyokosea, inabidi tuanze na video zilizokwama.

Kwa nini video inakwama

Kila mgombea alituletea video yake fupi ya kujitambulisha. Zote zilirekodiwa kwa simu, na mbili kati yake zilikuwa za 4K. Tulipozijaribu mchana, zilikuwa zinakatakata: mgombea anainua mkono, mkono unagandia hewani, kisha unaruka.

Tupige hesabu kidogo. Picha moja ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani pikseli milioni 8.3 hivi. Simu hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Kwa hiyo kila sekunde laptopu inatakiwa itengeneze pikseli karibu milioni 249, na haipewi nafasi ya kupumua.

Zaidi ya hapo, simu haihifadhi kila fremu ikiwa kamili. Ingefanya hivyo simu ingejaa kwa dakika chache. Mfumo wa kubana video unaotumika sana, H.264, huhifadhi fremu moja nzima, halafu fremu zinazofuata huandika mabadiliko tu: mkono umesogea hapa, macho yamefumba pale. Ni kama mtu aliyenakili desa ukurasa wa kwanza wote, halafu kurasa zinazofuata akaandika tu "kama juu, isipokuwa mstari wa tatu". Desa linakuwa jembamba, lakini ili usome ukurasa wa kumi lazima ujenge upya zote tisa za nyuma. Kazi hiyo inaangukia prosesa ya laptopu, tena wakati uleule inapohangaika na kamera.

Kingine, simu nyingi hazishiki kasi moja. Mwanga ukipungua, simu inaweza kushusha idadi ya fremu kwa sekunde bila kukuambia. Na hata kama ni 30 kamili, skrini yetu ilikuwa inaburudisha picha mara 50 kwa sekunde. Hamsini haigawanyiki kwa thelathini. Fremu ya kwanza itaoneshwa mara mbili, ya pili mara mbili, ya tatu mara moja, kisha inarudia. Jicho halihesabu, lakini linaona mwendo wa kuchechemea.

Jambo la kuchekesha ni kwamba 4K yenyewe haikuwa na faida yoyote. Skrini tuliyokodi ilikuwa na paneli za nusu mita kwa nusu mita, kila moja ikiwa na taa 128 kwa 128. Tulifunga paneli nane kwenda pembeni na tano kwenda juu, yaani mita 4 kwa mita 2.5. Zidisha: pikseli 1,024 kwa 640, jumla 655,360. Tulikuwa tunailazimisha laptopu ichambue picha kubwa mara kumi na mbili na ushee kuliko skrini, halafu itupe karibu yote. Nguo hukatwa kwa kipimo cha mvaaji, nasi tulinunua jora zima kumshonea mtoto.

Tangi la maji

Mchana ule sikuyajua haya yote. Niliona video inakwama, nikaingia kwenye mipangilio ya programu, nikakuta mahali palipoandikwa idadi ya fremu zinazosubiri kwenye foleni kabla ya kutolewa. Ilikuwa moja. Nikaweka tatu. Mkwamo ukapungua sana. Nikafurahi, nikaenda kula.

Foleni ile, ambayo wataalamu huiita bafa, ni tangi la maji tu. Si unajua hosteli zetu na mgao? Maji ya bomba yanakuja yakikatika, lakini ukiwa na simtanki juu ya paa, bombani yanatoka mfululizo. Ndivyo bafa inavyofanya: laptopu ikichelewa kutengeneza fremu moja, kuna mbili tatu zimeshatengenezwa zinasubiri, na skrini haipungukiwi.

Lakini tangi lina gharama. Maji unayokinga sasa hivi si yaliyofika sasa hivi, ni ya asubuhi, au ya jana. Kwa maji ya kuoga haina shida. Kwa uso wa mtu anayeongea, ni shida kubwa. Katika programu ile, foleni ya kutoa picha ilikuwa moja kwa kila kitu, video na kamera pamoja. Nilipoongeza tangi ili video zisikwame, nikaichelewesha kamera. Video zilichezwa dakika sita. Kamera ilitumika saa mbili na nusu.

Daladala haiondoki mpaka ijae

Baada ya mazungumzo yale ya maktaba, tulirudia kila kitu kwenye chumba cha klabu, kamera ileile na laptopu ileile, na mwenye skrini akakubali kutuachia wakati ilipokodiwa tena kwa mahafali. Kupima ucheleweshaji hakuhitaji mtambo. Weka simu yenye saa ya kuhesabia mbele ya kamera. Simama mahali ambapo unaiona simu hiyo na skrini kwa pamoja, piga picha kwa simu nyingine. Ndani ya picha moja utapata namba mbili: ya simu yenyewe, na ile ya skrini iliyochelewa. Toa moja kwa nyingine. Rudia mara kumi uchukue wastani, kwa sababu saa ya simu nayo huruka ruka kidogo.

Wastani wetu ulikuwa kama milisekunde 240, karibu robo sekunde. Kisha tukaitoa laptopu kabisa, tukaunganisha kamera moja kwa moja na mtambo wa skrini. Ikawa 80. Kwa hiyo 160 zilikuwa zinalala ndani ya laptopu.

Zinalalaje? Kumbuka daladala za kituo cha mwisho. Haijalishi umewahi kiasi gani, gari haliondoki mpaka lijae. Vifaa vya picha vingi vinafanya hivyohivyo: kila kimoja husubiri fremu nzima ikamilike ndipo kiipitishe mbele. Kamera inatumia fremu moja kukusanya mwanga na kuusoma. Kinasa picha, kile kifaa kinachoingiza picha ya kamera kwenye laptopu, kinasubiri fremu nyingine. Foleni yangu ya fremu tatu hiyo hapo. Mwishoni mtambo wa skrini nao unasubiri moja. Jumla ni sita. Kamera ilikuwa inapiga fremu 25 kwa sekunde, na kila fremu ni milisekunde 40. Sita mara arobaini: 240. Hesabu ikaja sawasawa na saa ya simu.

Kutoka hapo dawa ikajionesha yenyewe.

Kwanza, tulirudisha foleni kuwa moja. Tukapata 160. Video zikaanza kukwama tena, kama tulivyotarajia.

Pili, tukazitibu video zenyewe badala ya kuzifichia ugonjwa. Tulizipunguza zitoshe kwenye pikseli 1,024 kwa 640, tukazishikisha kasi moja ya fremu 25, na tukazihifadhi kwa HAP. Hii ni kodeki iliyobuniwa na Tom Butterworth pamoja na VIDVOX mahususi kwa watu wa jukwaani. Kila fremu ndani yake inajitegemea, hakuna "kama juu", na imebanwa kwa namna ambayo kadi ya michoro huifungua yenyewe bila kuisumbua prosesa. Hasara yake ni ukubwa. Kwa kipimo chetu kila sekunde ilikuwa hadi megabaiti 8 hivi, na video ya dakika tatu ikakaribia gigabaiti moja na nusu. Flashi ya kuokoteza haitaweza, ila diski ya SSD inaimudu bila jasho. Video zikatiririka kama mafuta, na foleni ikiwa moja ileile.

Tatu, tukabadilisha kasi ya kamera kutoka fremu 25 kwenda 50 kwa sekunde. Idadi ya vituo haikubadilika, lakini sasa abiria wanapanda bajaji badala ya Hiace: kila gari linajaa upesi na kuondoka. Fremu nne za milisekunde 20 ni 80. Kwa kupima tulipata kama 90, maana vifaa visipofungwa kwenye mpigo mmoja wa saa, fremu inaweza kufika ikakuta gari limeondoka sasa hivi, ikasubiri lijalo.

Angalizo kwa watakaojaribu: chunguza kinasa picha chako kwanza. Picha ya 1080 yenye fremu 50 kwa sekunde isiyobanwa inahitaji kama megabaiti 200 kwa sekunde. USB ya zamani, ile 2.0, hata kwenye karatasi haizidi 60. Vinasa vya bei poa vinavyotumia njia hiyo hulazimika kuibana picha kwanza, na laptopu kuifungua tena, na hapo muda unapotea. Nunua au azima cha USB 3.

Sauti nayo ina miguu

Tumetoka 240 hadi 90. Je, inatosha? Hapa nilijifunza jambo lililonishangaza.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa pendekezo mwaka 1998 kuhusu sauti na picha kwenye televisheni. Kwa mujibu wake, watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa kama milisekunde 45, lakini sauti ikichelewa nyuma ya picha wanavumilia hadi kama 125. Kwa nini upande mmoja tuwe wakali hivyo? Fikiria radi. Mwanga unafika, ngurumo inafuata. Mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka linatua, halafu ndipo mlio unakufikia. Tumezaliwa katika dunia ambayo sauti huchelewa, na masikio yetu yameshazoea. Sauti inayomtangulia mdomo haipo popote katika maumbile. Ipo kwenye skrini zetu tu.

Na usidhani hili ni la wasiosikia vizuri pekee. Mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald walionesha kwamba ukimsikilizisha mtu sauti ya "ba" huku akitazama mdomo unaotamka "ga", wengi watasema wamesikia "da". Sote tunasoma midomo, ila wengine hawana njia mbadala. Dada yule hakuwa anadeka aliposema masikio yanampa neno moja na macho jingine. Alikuwa anaeleza kitu kinachopimika.

Basi dawa ya nne ilikuwa kuichelewesha sauti. Mikser nyingi za kidijitali zina sehemu ya kuchelewesha spika fulani. Niliogopa mwanzoni: ukichelewesha spika za nje, si zitagongana na sauti inayovuja kutoka ukumbini, ikawa mwangwi? Tukapima umbali. Kutoka spika za ndani hadi pale uwanjani ni kama mita 30. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ile ya ukumbini inafika uwanjani baada ya milisekunde 88. Kumbe spika zetu za nje, zilipokuwa hazijacheleweshwa, ndizo zilizokuwa zinaleta mwangwi miaka yote! Tulipoziweka 90, zikakutana na sauti ya ukumbini na zikakutana na picha. Jiwe moja, ndege wawili, tena bila gharama yoyote.

Ndani ya ukumbi mambo ni tofauti. Huwezi kuchelewesha sauti sana wakati mgombea mwenyewe anasikika akiwa mbele yako. Lakini mpangilio wa viti unasaidia. Wa mbele wanamwona mtu mwenyewe, hawahitaji skrini. Wa nyuma, walio mita 17 kutoka kwenye spika, sauti inawafikia ikiwa imeshachelewa milisekunde 50, na tofauti iliyobaki ni ndogo.

Tufanye nini uchaguzi ujao

Ninaziomba kamati ya uchaguzi na klabu zetu mambo machache. Wagombea walete video siku tatu kabla, siyo nusu saa kabla, ili zibadilishwe zikae sawa na skrini. Ulizeni mwenye skrini ina pikseli ngapi kabla hamjaanza kutengeneza chochote. Pimeni ucheleweshaji kwa simu mbili, kazi ya dakika tano. Pangeni spika kwa kuhesabu hatua. Na mkalimani wa lugha ya alama apewe nafasi kubwa kwenye picha, kamera ikiwa kwenye fremu 50: anayetegemea alama peke yake hailinganishi picha na sauti, kwa hiyo kuchelewa hakumsumbui sana, ila mkono ukigandia hewani au ukifubaa, neno limepotea.

Na msitibu mkwamo kwa kuongeza tangi bila kujua nani anakunywa maji ya tangi hilo.

Siku ya mahafali tulijaribu mpangilio mpya kwa mara ya kwanza. Nilimtumia dada yule ujumbe nikamwomba aje asimame uwanjani dakika chache, anikosoe. Alikuja, akasimama karibu na spika ya kushoto, akatazama hotuba ya mgeni rasmi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa hotuba ndefu, wewe acha tu. Alipomaliza akapita pale nilipokuwa.

"Kaka, leo nimesikia kila kitu," akasema. "Hata yale ambayo nisingesikia isingekuwa hasara."

Mwaka huu amechukua fomu ya ubunge wa kitivo chake. Video yake ya kujitambulisha tumeshaipokea. Ni ya 4K.